Karani Alihama na Bi Sufi

Kitanda kilikuwa kimeshafungwa juu ya mkokoteni, miguu ikitazama mbinguni. Juu yake palikuwa na sanduku, ndoo mbili, jiko, televisheni ndogo, kioo cha kuvalia, na gunia la sufi ambalo Bi Sufi hakukubali mtu mwingine alifunge. Mwenye mkokoteni alikuwa ametema mate viganjani na kuvuta hatua za kwanza. Bi Sufi alitembea ubavuni, mkono mmoja ukishika kioo kisigonge.

Nyuma yao kaka yake alisimama langoni akisema yale ambayo watu husema mtu anapohama. Kwamba chumba kile kipya ni kikavu kuliko hiki. Kwamba asipotee. Kwamba funguo aziache palepale dirishani. Bi Sufi alikuwa ameshaziacha.

Walipofika kona ya duka la dawa, mwenye mkokoteni akasimama.

"Mama, kuna mbwa anatufuata."

Bi Sufi akageuka. Alikuwa Karani.

"Si yule mbwa wa kwenye katuni, huyu?"

"Ndiye."

"Anauma?"

"Vipindi vyote vile, ulimwona akiuma mtu?"

"Kwenye televisheni hata mawaziri hawaumi," alisema mwenye mkokoteni. "Haya, apande. Lakini asikalie kioo."

Karani akapanda. Mkokoteni haukuongezeka uzito. Alikuwa mbwa wa kahawia mwenye sikio moja jeusi, na shingoni alivaa mkoba wa barua, ndio uliompa jina. Ukimtazama ubavuni alikuwa mbwa kamili. Ukimtazama kwa mbele alikuwa mwembamba kama kifuniko cha boksi la viatu. Mwili wake ulizungukwa na mstari mweusi, mnene kidogo tumboni, mahali ambapo mchoraji labda alianza kusinzia. Hakuwa na kivuli. Hakutembea kwa mtiririko kama mbwa wa mtaani. Alihama kutoka mkao mmoja kwenda mwingine, kama mshale wa saa ya ukutani.

Watu waliokuwa dukani walimpungia mkono. Mmoja alisema amekonda kidogo tangu zamani. Wakaendelea na dawa zao.

Kipindi chenyewe kila mtu wa rika la Bi Sufi alikijua. Kulikuwa na mvulana aliyeitwa Kibiriti, kwa sababu kichwa chake kilichorwa cha mraba, na mbwa wake Karani. Walikuwa wamepotea njia ya kwao. Kila Jumamosi mchana waliingia mji mpya, wakamkuta mtu ana shida yake, wakamsaidia, na kabla hawajazoeleka wakaondoka. Mwisho Kibiriti alimgeukia mbwa na kusema, "Karani, twende. Barabara bado." Ndipo wimbo ukapigwa. Saa hiyo barabara za mji zilikuwa tupu. Kinyozi alikuacha na nusu ya kichwa, na wewe hukulalamika kwa sababu na wewe ulikuwa umegeuza shingo kutazama. Nyumbani kwao hawakufika kamwe. Michoro iliacha kuja kutoka huko ilikotoka, na watoto waliokuwa wakitazama sasa wana vipara, dawa za presha na wajukuu.

Mwaka huo wa kuhama televisheni iliamua kukirudia kipindi. Jumamosi ya kwanza Bi Sufi alikuwa chumbani kwake akitia uzi kwenye sindano ya magodoro, na Karani akatoka kwenye televisheni wakati wa tangazo la sabuni. Alikanyaga kitambaa cha kufuma cha mezani, akashuka kitini, akashuka chini.

"Umechelewa," Bi Sufi alimwambia, akamwekea maji.

Tangu siku hiyo Kibiriti alitembea peke yake kwenye kioo cha televisheni. Aliingia miji, alisaidia watu, aligeuka na kusema na mahali patupu. Watazamaji walipiga simu kulalamika wiki mbili hivi, kisha wakazoea.

Kaka alipoona mbwa amelala uvunguni alipiga makofi kwa furaha. Yeye ndiye aliyekuwa sauti ya Kibiriti. Nchi nzima ilijua hivyo. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo na viatu vizuri, na hakuwa na jina jingine mitaani zaidi ya Kibiriti. Kwenye foleni walimpisha. Kwenye misiba walimwomba aseme yale maneno, naye aliyasema, na wafiwa walifarijika. Sasa kamati ya mtaa na televisheni walikuwa wamekubaliana kuifanya nyumba ya wazazi wao kuwa nyumba ya kumbukumbu. Sebule ingekuwa ya picha. Na chumba alicholala Bi Sufi tangu utoto, alichobaki nacho alipowauguza wazazi hadi mwisho, kingekuwa chumba cha mvulana aliyekuwa Kibiriti. Wageni wangetaka kuona alipolala.

"Wewe ulilala sebuleni," Bi Sufi alimkumbusha.

"Sebule haina mvuto," kaka alisema. "Halafu nimeshakutafutia chumba nyuma ya karakana yako ya magodoro. Utaamkia kazini."

Mambo ya zamani yalikuwa hivi. Kaka alichaguliwa kweli kumtia Kibiriti sauti. Baba yao alikuwa bawabu kwenye lango la studio, na siku ile mtoto wake alipochaguliwa watu waliompita kila asubuhi bila salamu walianza kumwita mzee. Lakini vipindi havijafika hata kumi, koo la kaka likavunjika. Aliingia studio mvulana, akatoka ananguruma. Fundi wa mitambo akamwambia baba kwa upole kwamba mtoto ameota ndevu ndani. Baba hakuwa na moyo wa kurudisha ile salamu. Akamleta binti yake mdogo, wakamsimamisha juu ya kreti ya soda, kwenye chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani. "Vuta pumzi kwanza," baba alimwambia, "ndipo uite." Akavuta pumzi, akaita.

Fundi alitakiwa aikate ile pumzi. Siku ya kwanza alisahau. Siku ya pili akaona kwamba mbwa kwenye picha huinua sikio wakati uleule pumzi inapovutwa, hata kabla hajaitwa, akaiacha. Ikawa ndiyo desturi yao ya kazi. Kwenye vipindi vyote vilivyobaki, yaani karibu vyote, Kibiriti huvuta pumzi kama mtu anayeingia maji ya baridi, kisha husema. Na mwisho wa kila kipindi lilipita jina la kaka.

Mama alimkalisha binti yake jikoni. "Mwanangu, kaka yako ameshapewa mikono na watu barabarani. Ukisema, utakuwa umemvua nguo sokoni." Binti akanyamaza. Mwanzo kunyamaza kulikuwa heshima, baadaye kukawa mazoea, na mazoea yana mizizi kuliko heshima. Akajifunza kufumua magodoro, kuchambua sufi na kushona. Vumbi la sufi likamwingia kifuani mwaka baada ya mwaka, hadi sauti yake ikawa ya msumeno kwenye ubao mbichi. Hata angesema, nani angesikia Kibiriti mle ndani?

Basi alihama, na Karani alihama naye.

Kaka alikuja karakanani siku chache kabla ya ufunguzi. Bi Sufi alikuwa amefumua godoro la bwana mmoja mnene, lenye shimo katikati kama sufuria.

"Hodi."

"Karibu, kaka. Usikanyage sufi."

"Marahaba, maana hujaniamkia. Mbwa yuko wapi?"

"Si umemkalia mkia."

Kaka akainuka, akamwomba mbwa radhi, akakaa pengine.

"Jumamosi tunafungua. Mkurugenzi wa televisheni anakuja mwenyewe. Wanataka kutuona mimi na Karani pamoja."

"Mwite. Akikubali, mwende."

Kaka akaweka ukosi sawa. "Karani, twende. Barabara bado." Ilikuwa sauti nene, ya mtu anayeagiza chakula. Karani alimtazama kama unavyomtazama mtu anayekuulizia njia ya mji usiokuwepo. Kaka alikuwa amekuja na kamba, akamfunga shingoni. Karani akageuka kwa mbele, akawa mwembamba, kamba ikaanguka chini.

"Ana nini huyu?"

"Hujavuta pumzi."

"Pumzi gani?"

Bi Sufi akaweka sindano chini. "Kaka. Wewe hujawahi kukitazama kile kipindi?"

"Nilikuwa na shughuli."

"Kila Jumamosi?"

"Nilikuwa nakwenda kwa shangazi." Kaka alitoa leso akajifuta shingo. "Nikisikia ule wimbo natoka nje, mdogo wangu. Unadhani ni raha? Mtu mzima ananikumbatia analia, ananiambia, wewe ndiye utoto wangu. Nimjibu nini? Nimwambie utoto wako uko uani unashona magodoro?"

"Ndiyo," alisema Bi Sufi. "Hivyohivyo. Maneno umeyapanga vizuri."

Kaka hakucheka.

"Chumba nimetoka," dada aliendelea. "Sikugomba, sikununa. Nataka kitu kimoja. Jumamosi, watu wakiwa wamekaa, useme mara moja kwamba aliyekuwa akiita ni mimi. Halafu nyumba ibaki na jina lako na picha zako na kitanda watakachokuletea."

"Watanizomea."

"Watazomea, watachoka, watakwenda kunywa chai. Mimi nimenyamaza tangu nina meno ya utoto."

"Na wewe utakuja kumwita mbwa?"

"Nitakaa nyuma ya pazia. Nitamwita, atapanda jukwaani kwako. Kisha utasema."

"Nitasema. Naapa kwa kaburi la mama."

"Mama mwache apumzike. Apa kwa kitu chako."

Kaka akatazama viatu vyake. "Kwa jina langu," alisema mwisho.

"Hilo nalo tutaliona," alisema Bi Sufi, akaokota sindano.

Jumamosi uani kwao palijaa viti. Jukwaa lilijengwa mbele ya dirisha la kile chumba, na nyuma ya jukwaa wakatundika pazia jekundu. Bi Sufi alikaa huko kwenye stuli, amevaa gauni lake la kutokea, kitambaa cha kukoholea kikiwa mkononi. Kupitia tundu la pazia aliona watu wote. Mkurugenzi alikaa mbele, mtu wa tai na maneno laini. Fundi wa mitambo, sasa mzee wa fimbo, alikaa kando yake. Karani alijilaza chini ya meza ya maua.

Wimbo wa kipindi ukapigwa, na wote waliokipenda wakapungua.

Ilianza kwa miguu kuacha kugusa chini. Kisha mikono ikazama kwenye mikono ya makoti, miwani ikashuka puani, kofia zikafika mabegani. Muuguzi mkuu wa hospitali pete ilimtoka kidoleni, akaiokota akaitia mkobani. Mkurugenzi alibaki uso wa mtoto wa darasa la pili juu ya fundo la tai. Watu walikunja mikono ya mashati yao, wakakaa vizuri, wakaendelea kutazama mbele. Bwana mmoja alimwomba mwenzake amshikie meno ya bandia, maana hayakumtosha tena.

Waliobaki na kimo chao walikuwa wawili. Fundi wa mitambo, kwa sababu kwake kile kipindi kilikuwa kazi. Na kaka.

"Anajikaza," mtoto mmoja mwenye mvi alimnong'oneza mwenzake. "Msanii huyo."

Kaka akasogelea kipaza sauti. Akanyoosha mkono kuelekea meza ya maua, akasema, "Karani, twende. Barabara bado." Karani hakuinua hata sikio. Kaka akatazama pazia.

Nyuma ya pazia Bi Sufi naye alikuwa amepungua. Miguu ilining'inia kwenye stuli, gauni limemmeza. Akavuta pumzi. Kifua hakikukwaruza. Ikaingia yote, safi, kama ilivyoingia siku ile juu ya kreti.

"Karani, twende," alisema. "Barabara bado."

Ilikuwa ile sauti. Haikuwa inayofanana nayo; ilikuwa ile, na kila mtu pale aliijua kama anavyojua mlango wa kwao. Wengine walianza kulia kabla neno la mwisho halijatoka. Karani aliinuka mkao kwa mkao, akapita mbele ya kaka bila kugeuka, akageuka mwembamba na kupenya pazia. Akamshika Bi Sufi pindo la gauni kwa meno na kumvuta hadi mbele ya jukwaa. Watu wakaona msichana mdogo ndani ya gauni la mtu mzima, na mbwa wa Kibiriti akilamba mkono wake.

Bi Sufi alimtazama kaka yake. Alimtazama kutoka chini, kama alivyokuwa akimtazama zamani kaka alipokuwa akimbeba mikononi kuvuka mtaro.

"Huyu," kaka alisema kwenye kipaza sauti, "ni mdogo wangu."

Akanywa maji, akarudisha kikombe. Mdomo ukafunguka, ukafumba, ukafunguka.

"Ndiye aliyekuwa akinipigia pasi shati, kila nilipokwenda studio."

Makofi yalipigwa kwa mikono midogo. Mtu akasema dada kama huyo ni wa kupewa zawadi. Mwingine akasema, mmesikia alivyomwiga kaka yake? Neno kwa neno.

Bi Sufi akakikaribia kipaza sauti. Ilibidi akivute chini.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiita," alisema kwa sauti ya Kibiriti. "Karibu toka mwanzo hadi mwisho. Kaka koo lilimvunjika. Ni mimi."

Hakuna aliyezomea. Walimtazama kwa huruma na mapenzi, kama unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Mkurugenzi akaruka chini kutoka kitini, akapanda jukwaani akiburura suruali, akamshika bega.

"Ni kweli anachosema," aliwaambia watu. "Nani hapa hakuwa Kibiriti? Mimi kwetu nilimwita mbuzi Karani. Sote tulikuwa tukiita, ndugu zangu. Sote."

"Sote!" walijibu, na makofi yakawa makubwa kuliko ya kwanza.

Fundi wa mitambo akapiga fimbo chini. "Ile pumzi ni yenyewe," alisema. "Naijua. Mimi ndiye niliyeiacha."

"Ee, mzee wetu," alisema muuguzi mkuu, akimpapasa goti, "nani asiyeijua ile pumzi?"

Wakati huo walikata utepe, na watu wakainuka kwenda kuona chumba. Kila aliyevuka kizingiti alirudia kimo chake, akajifunga vifungo, akalipia picha. Bi Sufi alirudia chake alipokuwa akitoka langoni. Kikohozi kikamkuta hapohapo. Mwenye mkokoteni, aliyekuwa amesimama nje akiuza maji, alimpa chupa.

"Nimekusikia, mama," alisema.

"Umesikia nini?"

"Nimekusikia tu." Akamtazama Karani. "Mnatembea au niwavute?"

"Tutatembea."

Mwenye mkokoteni siku hizi ana mikokoteni miwili na mgongo mbovu. Akiulizwa kuhusu siku ile husema yeye alikuwa anauza maji.

Fundi wa mitambo alikufa mwaka uliofuata, usingizini. Kwenye mazishi walipiga wimbo wa kipindi, na waliobeba jeneza walipungua, ikabidi watafutwe wengine waliokuwa wageni wa mji.

Mkurugenzi alipandishwa cheo. Maneno yake ya siku ile yameandikwa ukutani sebuleni: Sote tulikuwa tukiita. Shule huleta watoto kuyasoma.

Televisheni bado hurudia kipindi, na Kibiriti bado hutembea peke yake. Watoto wa sasa hawajui kwamba kulikuwa na mbwa. Wanadhani ni mvulana anayeongea na barabara, na wanampenda hivyohivyo.

Kaka alipewa nishani, kisha akapewa sukari. Huja karakanani jioni moja moja, hukaa penye benchi, huongea habari za miguu yake. Lile jambo hawalisemi. Siku moja alimwomba dada yake amfundishe ile pumzi, akafundishwa, akaivuta sawasawa. Karani aliinua sikio, akamtazama, akalala tena.

Karani hazeeki, lakini rangi hupauka juani, kwa hiyo mchana huhamishiwa kivulini. Mstari wa tumboni umeanza kukatika. Bi Sufi huukazia kwa wino wa kuandikia magunia.

Bi Sufi bado anashona. Godoro la chumba cha kumbukumbu lilipochoka kwa wageni kujilaza wapigwe picha, kamati ilimletea yeye, maana hakuna fundi mwingine karibu. Alilifumua, akachambua sufi, akaondoa vidonge, akajaza, akashona mara mbili pembeni ili lisitoke umbo. Ni kazi nzuri, ukienda utaiona. Siku hizi wameweka kibao kwamba hairuhusiwi kulikalia.